Vyombo vinne vya majivu, kilo 2 za unga, na mfuniko mmoja wa kuudhi

Hamjambo, karibuni tena mezani. Kama umefungua video hii kwa sababu kuna msiba nyumbani, pole sana, na usijilazimishe kutazama yote. Ruka hadi pale ninapomwaga unga, kisha sikiliza habari ya ndege ikiwa majivu yatasafiri. Sisi wengine tukae.

Leo nina vyombo vinne vya kuwekea majivu ya marehemu. Hiki kizito ni cha jiwe la Kisii, lile linalochimbwa Tabaka. Hiki cha manjano kinachong'aa ni cha shaba, kimetoka India. Kasha hili ni la mvule. Na hili bomba la karatasi ngumu ni la kumwagia, si la kutunzia. Urefu na upana sisomi. Vipimo vya nje viko kwenye karatasi ya muuzaji na havikusaidii, maana ukuta wa jiwe peke yake unakula sentimita moja na nusu kila upande. Unachotaka kujua ni lita za ndani.

Hesabu ni hii, andika. Chukua kilo za mtu alipokuwa na afya yake, zidisha kwa 36, unapata mililita. Mtu wa kilo 80 anahitaji mililita 2,880, tuseme lita 3. Chombo cha kawaida cha mtu mzima hubeba kama lita 3.3, kwa hivyo wengi wanaenea. Nasema "alipokuwa na afya" kwa sababu majivu ni mfupa. Nyama na mafuta huisha kabisa mle tanurini. Mgonjwa akikonda hadi kilo 45, mifupa yake ni ile ile. Shaba na jiwe pima kwa maji: chupa ya lita moja mara tatu, na kikombe juu yake. Mbao na karatasi usitie maji, tia mchele. Kilo 2 na nusu za mchele mkavu zinajaza kama lita 3. Na ikiwa mwili utachomwa kwa kuni badala ya tanuri, uliza kama mifupa itasagwa, maana vipande visivyosagwa vinadai nafasi zaidi.

Haya. Mfuniko. Kamera, shuka hapa, karibu zaidi, nataka waone ukingo.

Hili jiwe ni zuri, sikatai. Mishipa yake ya waridi inapendeza, na limepigwa msasa kwenye maji likalainika kama sabuni. Lakini mfuniko wake umekaa tu! Fundi amechonga mdomo wa nusu sentimita unaoingia ndani, basi, kazi imeisha. Naushika kwa vidole viwili, unacheza. Sikiliza: krr, krr. Hilo ni jiwe linasaga jiwe, na jiwe la Kisii ni laini, kisu cha jikoni kinalikata. Kila ukiuzungusha unalika kidogo, na pengo linaongezeka.

Sasa unga. Huu ni wa ngano, kilo 2, nimeuchagua kwa kuwa ni laini kuliko wa ugali. Nautia bila mfuko, makusudi. Nafunika. Chini nimetandika kitambaa cheusi. Nakilaza chombo ubavu, polepole, kama kingelala kwenye buti ya gari. Sijakitikisa. Umeona? Mstari mweupe huo, tayari. Sasa nakigonga mara tatu kwa kiganja, kama matuta matatu ya barabarani. Moja. Mbili. Tatu... jameni. Mfuniko umetoka. Huo ni unga, tutaufagia. Ungekuwa mzee wa watu je, njiani kutoka tanuri la Lang'ata, na wajukuu wamekaa kiti cha nyuma?

Najua mtaandika kwenye maoni: bandika selotepu. Jiwe hili limepakwa nta ili ling'ae, na selotepu haishiki nta. Kesho asubuhi itakuwa imejikunja. Gundi ya papo hapo? Inashika, ndiyo, halafu mwaka wa tatu mama anafuata baba, familia inataka majivu yao yachanganywe, mnafungua kwa nyundo. Silikoni ya dukani ni sawa, ila chagua. Ile yenye harufu ya siki inatoa asidi inapokauka: inatia shaba kutu ya kijani na inaweza kuacha doa kwenye jiwe. Omba isiyo na harufu hiyo. Vuta mstari mwembamba kama tambi, bonyeza mfuniko, uache saa 24 bila kuugusa. Siku ya kufungua unakata kwa wembe.

Lakini dawa ya kweli iko kwa fundi, kabla hujalipa. Mwambie mdomo wa mfuniko uteremke sentimita 2, si nusu. Halafu auchonge mfereji wa kuzunguka, kina milimita 2, na uweke ringi ya mpira ya unene wa milimita 3, zile za mabomba, ziko kwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Milimita moja inayobaki nje ndiyo inayobana. Mwambie kabla hajapaka nta, na jina lichongwe wakati huo huo. Ukichonga baada ya nta, alama zinatoka nyeupe pembeni na zinahitaji kung'arishwa upya. Kwa nini asikate hesi, yale meno ya kuzungushia mfuniko, kwenye jiwe? Kwa sababu meno ya jiwe yanakatika. Usikubali akikuahidi.

Na ndani ya chombo chochote, jiwe, shaba, dhahabu ukitaka, majivu yakae kwenye mfuko wa plastiki mzito uliofungwa kwa kamba ya nailoni ya kubana. Mfuko ndio ngome. Mfuniko ni mlango tu.

Shaba sasa. Naufungua mfuniko wake wa hesi: mizunguko mitatu na nusu. Ndio maana wengi wanakinunua chombo hiki hata bei ikiwa juu; hiki ni elfu 12, cha jiwe elfu 6, la mbao elfu 8, na kuchora jina hakumo. Unga ule ule, nalaza, nagonga, napindua kichwa chini. Kitambaa ni cheusi tii. Safi! Kuna makosa mawili tu. La kwanza, hesi kupandana: watu wanakaza moja kwa moja, meno yanaingia upande, mfuniko unakwama ukiwa umeinama. Zungusha kwanza kinyume, kushoto, taratibu, mpaka usikie "tik" ukishuka nusu milimita. Hapo ndipo uende kulia. La pili, punje. Majivu ya mfupa ni makali kama mchanga, punje mbili kwenye hesi zinatosha kuukwamisha. Pitisha brashi kavu ya rangi kwenye meno kabla ya kufunga. Usitie mafuta, yanashika vumbi.

Kinachoniudhi kwenye shaba ni mdomo, sentimita 8. Mfuko unaotoka na majivu ni mnene kuliko hapo, kwa hivyo lazima umimine. Funga madirisha, zima feni, weka sinia chini, vaa barakoa, tumia faneli ya mdomo mpana au kata shingo ya chupa ya lita 5. Mimina kidogo kidogo, vumbi litulie. Mkigawana na ndugu, tumieni mizani ya jikoni. Vikopo vidogo vya ukumbusho vya mililita 80 vikiwa vitano ni mililita 400 nzima, na hizo hazirudi kwenye chombo kikubwa. Na mkitaka shaba iendelee kung'aa, msiisugue kwa dawa ya kung'arisha. Nyingi zimepakwa vanishi. Ukiisugua unaiondoa na shaba inaanza kuwa nyeusi kwa viraka.

Kuna mtu ataniuliza, na kiondo je? Kariokor sokoni vimejaa, na tanuri la Wahindu la kuchomea maiti liko jirani. Kiondo hakizuii vumbi, lakini kama vazi la nje, kopo la plastiki likiwa ndani, ni kizuri kuliko nusu ya vitu vinavyoagizwa kutoka nje. Makopo ya bati ya mafundi wa Kamukunji nayo yanafaa kwa muda, ukiangalia kama kingo zimekunjwa. Ukingo usiokunjwa unachana mfuko.

Turudi kwa mbao. Wakati tunapanga meza nililiweka la mwisho, nikidhani ni la kawaida mno. Sasa sina hakika. Mfuniko wake hauko juu, uko chini: kibao cha kitako chenye skrubu nne. Pindua, fungua, shimo lote liko wazi, mfuko mzima unaingia ulivyo, hakuna kumimina. Mtoto hawezi kulifungua akicheza. Udhaifu wake ni tundu za skrubu. Tumia bisibisi ya mkono, si drili, na ukilegeza na kukaza mara nyingi meno ndani ya mbao yanasagika. Basi vunja njiti ya kiberiti, ipake gundi ya mbao, iingize tunduni, kata kichwa, kaza tena. Hatari nyingine ni mbao mbichi. Weka kasha tupu kwenye mizani leo, lipime tena baada ya wiki; kama limepungua gramu kadhaa, bado linakauka na litapasuka viungo. Mkaratusi na jakaranda vinauzwa vibichi sana.

Na ndege: mbao au karatasi, kwisha. Mashine ya uwanjani haioni ndani ya shaba nene wala jiwe, inaona doa jeusi, na mkaguzi akishindwa kuona ndani chombo hakipandi. Beba mkononi, pamoja na cheti cha kifo na karatasi ya tanuri.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza chombo gani, kaeni kikao muulizane majivu yataishia wapi. Kama marehemu alikuwa Mkatoliki, zungumzeni na padri mapema: waraka wa Vatikani wa 2016 unakataza kumwaga, kugawana na kuweka nyumbani, ingawa mwishoni mwa 2023 waliruhusu sehemu ndogo ihifadhiwe mahali penye maana kwa marehemu. Kama ni kupanda mti, kumbukeni majivu yana chumvi na magadi mengi. Ukiyarundika chini ya mche unakufa. Yachanganye na udongo mwingi wenye mboji, kando ya mizizi. Kama ni vilima vya Ngong, hapo ndipo bomba la karatasi linafaa. Ombeni ruhusa kwa wasimamizi wa msitu. Upepo wa kule unazungusha mitambo ya umeme, kwa hivyo simama upepo ukiwa mgongoni, bomba liwe usawa wa goti, ukiinamisha taratibu. Ukilinyanyua hadi kifuani, vumbi linaweza kukurudia usoni.

Ibada ya kumbukumbu msiipange asubuhi ile ile ya kuchoma. Tanuri linachukua saa mbili hivi, kisha kupoa, kusaga, karatasi. Na bila kibali cha mazishi hakuna anayewasha moto. Bob Collymore, aliyekuwa mkuu wa Safaricom, alichomwa Kariokor tarehe 2 Julai 2019, ibada ikafanyika kanisa la All Saints tarehe 4. Siku mbili hizo zina faida. Profesa Wangari Maathai, yule mtetezi wa miti, naye, Oktoba 2011, aliwekwa kwenye jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji, kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Majivu yakapelekwa kwenye taasisi yake kule Kabete. Nanyi jueni mwisho wa safari kabla ya kununua chochote.

Kibao cha jina: tumeni picha ya kitambulisho kwa mchoraji, si jina kwa simu. Leza nyingi za mjini hazichori shaba tupu, zinaunguza vanishi tu, kwa hivyo chukua kibao kidogo kando na ukibandike.

Habari za chaneli: sauti ya wiki jana ilikuwa mbovu, tumebadilisha maikrofoni. Wiki ijayo ni mawe ya makaburi, zege dhidi ya graniti. Kama hujasabskraibu, bonyeza.

Nikilazimishwa kuchagua leo, nachukua la mbao, na asubuhi ningesema shaba. Hiki cha jiwe kinarudi kwa fundi kesho akichonge mfereji wa ringi. Kikitoka, tutakilaza tena juu ya kitambaa hiki hiki, na kilo 2 nyingine za unga.