Uzoefu wangu na kamusi ya Hans Wehr: mustakabali hauko kwenye mim

Nimepita chuoni tangu mdogo, msahafu nausoma bila kusita, lakini maana ya ninachokisoma nilikuwa siijui. Mwaka jana nikaamua kujifunza Kiarabu chenyewe, nikanunua kamusi ya Hans Wehr, ile ya Kiarabu kwa Kiingereza iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1961. Neno la kwanza kulitafuta lilikuwa mustaqbal, mustakabali wetu wa kwenye taarifa za habari. Nikafungua mim, herufi yao ya m. Halimo.

Halimo kwa sababu maneno humo yamepangwa kwa mizizi. Neno la Kiarabu kwa kawaida husimama juu ya konsonanti tatu, na hizo ndizo unazozitafuta. Irabu na herufi za nyongeza ni kalibu ambayo mzizi humiminwa ndani yake. Mustaqbal ukilivua mus- na ta, unabaki na q-b-l. Nilipoufikia mzizi huo nilikaa na ukurasa mmoja jioni nzima: kabla, kibla, kabila, kubali, kabili, mkabala, mustakabali. Maneno niliyoyasema maisha yangu yote, na sikuwahi kujua kuwa ni ndugu! Kibla ni upande tunaouelekea, mkabala ni kilichokuelekea, na mustakabali ni kile kinachotujia kwa mbele.

Baada ya hapo nikaanza kuziona kalibu kila mahali. Maktaba, mahakama, madrasa: kalibu moja, ya mahali pa kutendea jambo, kwa mizizi k-t-b, h-k-m na d-r-s. (Makazi na makumbusho msiyatie humo, ma- hiyo ni yetu wenyewe.) Na kitabu tumekipa wingi wa vitabu kana kwamba ki- ni kiambishi, kumbe k ile ni herufi ya mzizi. Waarabu wenyewe husema kutub.

Ugumu upo, tena si mdogo. Kiswahili kimeziunganisha q na k, na h zao tatu tumezifanya moja au mbili, kwa hiyo neno unalolijua vizuri unaweza kulitafuta mahali pasipo pake. Halafu kuna mizizi yenye herufi waw (w) au yaa (y), ambayo hujificha. Makala na kauli zote ziko chini ya q-w-l. Mizani iko w-z-n. Itifaki ndiyo iliyonitesa kuliko zote: ni ndugu wa muafaka na taufiki, mzizi w-f-q, ila waw imemezwa na ta. Siku tatu nilikuwa nahangaika nayo.

Jambo jingine la kujua kabla hujatoa pesa: vitenzi vya kunyambuliwa humo havikuandikwa kwa ukamilifu, unakuta tarakimu za Kirumi tu, II mpaka X, kila moja ikiwa ni kalibu yake (ya I ni kitenzi cha msingi). Ukiona X mbele ya q-b-l, wewe mwenyewe uijenge istaqbala. Asiyezihifadhi kalibu zile kumi atakuwa na kitabu kilichofungwa, kwa hiyo anayeanza kabisa namshauri atumie kwanza kamusi ya alfabeti.

Mimi yangu nimeijaza penseli. Pembeni ya kila mzizi naandika maneno ya Kiswahili ninayoyatambua. Kwenye s-l-m nimeshaandika salama, salamu, Uislamu na taslimu, na nafasi ya pembeni imekwisha.