Karakana ya Nyakato iliyonipasulia mbao za gitaa

Ukitengeneza gitaa nyumbani hapa Mwanza, gundi utapata, msasa utapata, nyuzi utaagiza Dar na zitakufikia kwa basi. Kinachosumbua ni kumpata fundi wa kukupasulia mbao nyembamba. Karakana nyingi zina msumeno wa duara, na ule kila ukipita unakula milimita 3 au 4. Kwa fremu ya mlango si neno. Kwa gitaa, ubao uliouhifadhi miezi unaishia kuwa vumbi sakafuni.

Mimi ni fundi wa mitambo ya baridi kwenye kiwanda cha samaki, na kanisani napigia kwaya gitaa. Hili ninaloliandikia ni la pili kulitengeneza. La kwanza mbavu zake, yaani mbao za pembeni, ziliharibikia kwenye karakana moja ya mjini: walizipitisha kwenye mashine ya kuranda zikiwa nyembamba mno, zikararuka, kisha nikaambiwa mkangazi wangu ulikuwa mbovu. Iliniuma sana, kwa sababu ule ubao niliukausha darini miezi minane.

Mwenzangu wa kwaya ndiye aliyenielekeza Nyakato, karakana isiyo na bango, hatua chache kutoka barabara ya Musoma. Wana msumeno wa mkanda. Mkanda wake ni mwembamba, unakula milimita moja na kidogo tu, na unaweza kusimamisha ubao wa inchi 8 na nusu ukaupasua kwa upana wake wote. Upana huo ndio unaotakiwa, maana uso wa gitaa huungwa kwa vipande viwili vilivyotoka ubao mmoja, ukavifungua kama kitabu ili mistari ya mti ifanane kulia na kushoto.

Mara ya kwanza nilifika na saiprasi ya uso na mkangazi wa mgongo na mbavu, nikamkuta mzee, fundi wao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hizi za nini?"

Nikamwambia gitaa. Akaweka penseli sikioni, akaishika saiprasi kwa pembe moja kwa vidole viwili, ikining'inia, akaigonga kwa kifundo cha kidole. Ikalia. Akagonga chini kidogo, ikalia. Akashuka tena kama shibiri moja kutoka mwisho, na pale sauti ikafa kabisa, kama umegonga gunia. Akaugeuza ubao kwenye mwanga: kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, ambao mimi sikuuona miezi yote ile. Akauchora chaki. "Hapa tunakata, tunaacha."

Kisha akaushika mkangazi, akauweka shavuni. Akaurudisha mikononi mwangu. "Huu bado una maji. Nenda nao, urudi mvua zikiisha."

Ilikuwa Aprili. Angeweza kuupasua na kuchukua hela yake. Ubao wenye maji ukishaungwa hukauka ukiwa umebanwa na gundi, unasinyaa upande wa upana, na mgongo wa gitaa unapasuka. Nilifanya kama alivyosema. Nikawa naupima kila Jumamosi kwenye mzani wa jikoni, naandika gramu kwa penseli juu ya ubao wenyewe. Wiki tatu mfululizo namba isiposhuka, umekauka. Nilirudi Julai, akaziona zile namba, akaniita nisimame karibu na mashine nione.

Alipasua vipande vya milimita 5, taratibu, bila kuusukuma ubao kwa nguvu. Anausikiliza msumeno, ukilia vingine anapunguza mkono. Unene ulitofautiana kwa chini ya milimita moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kuanzia hapo ni kazi ya mkono: nilishusha uso hadi milimita 2.8 na mbavu hadi 2 kwa randa na msasa. Mbavu nikazilowesha, nikazikunja juu ya bomba la chuma lenye makaa ndani. Kwenye kiuno, mahali pagumu kuliko pote, hakuna hata moja iliyopasuka. Mbavu hupasuka pale mistari ya mti inapokatwa kimshazari, na yeye alikuwa ameifuata mistari.

Alinikatia pia kipande cha mpingo cha kuwekea freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa. Mpingo ni mgumu, unachosha meno ya msumeno, kwa hiyo alitoza zaidi, na sikuona vibaya. Mifereji ya freti niliikata mwenyewe: urefu wa nyuzi milimita 648, gawanya kwa 17.817, unapata milimita 36.4 hadi freti ya kwanza, kisha unagawanya kinachobaki vivyo hivyo. Freti ya 12 ikiangukia 324 kamili, hesabu imekaa.

Kuhusu bei, nililipa 5,000 kwa kila ubao wa kupasua na 8,000 kwa mpingo. Risiti huandikwa kwa mkono ukiomba.

Mapungufu yapo. Kazi za vitanda na makabati hutangulia, kwa hiyo kipande chako kidogo kinaweza kungoja siku nne, na umeme ukikatika zaidi ya hapo. Mashine yao ya kuranda haishuki chini ya milimita 6, ingawa mzee anakwambia mapema kabla hujaharibu kitu. Na vijana wake hawana mkono wake. Safari moja nilimkosa, kijana akanipasulia ubao wa shingo ukatoka umepinda, nikanunua mwingine. Nenda asubuhi, umwombe mwenyewe.

Nawapa nyota 4 kati ya 5. Gitaa lina nyuzi tangu Septemba, zinavuta karibu kilo 70, na uso haujainuka wala maungio hayajafunguka. Kwa la tatu nimeshanunua mkangazi mwingine. Jumamosi iliyopita ulikuwa gramu 4,310, na bado unashuka.