Monita ya chogo yenye giza: uzoefu wangu kwa mafundi wawili

Monita yangu ni chogo ya inchi 17, ile ya zamani yenye tyubu ya kioo na mgongo mrefu, nilinunua mtumba mwaka 2006. Bado iko steshenari kwangu kwa sababu daftari langu la madeni liko kwenye programu ya DOS (mfumo wa zamani wa kompyuta), na monita za flati zinazivuta zile herufi hadi zinaingia ukungu. Kwenye chogo zinakaa zilivyo, kali kabisa.

Mwaka jana ikaanza giza. Nikiiwasha asubuhi, dakika kumi nzima naona kivuli tu. Hata ikishapata moto, nyeupe ilikuwa ya kijivu na nililazimika kufunga pazia ili nisome majina ya wateja. Mwanga na kontrasti nilishapandisha mpaka 100. Nikabadilisha waya, nikaichomeka kwenye kompyuta nyingine: giza lilelile. Basi ugonjwa ulikuwa wa monita yenyewe.

Fundi wa kwanza hakupima chochote. Alifungua mgongo, akazungusha kile kitufe cha skrini kwenye flaibeki (kifaa kinachotengeneza umeme mkubwa wa tyubu), kilicho chini ya kile cha fokasi, akanirudishia. Mwanga uliongezeka kweli, lakini nyeusi ikageuka kijivu na mistari myembamba ya mshazari ikapita juu ya picha yote. Nililipa 10,000 kwa kazi hiyo na iliniuma. Nilipomrudia alisema tyubu imechoka, ninunue flati.

Fundi wa pili ni mzee. Kwanza alichomoa umeme, akachukua bisibisi iliyofungwa waya wa athi, akaiingiza chini ya kile kifuniko cha mpira ubavuni mwa tyubu. Pakalia "tap!" Aliniambia pale panafika kama volti 25,000 na umeme huo unabaki humo hata waya ukiwa umechomolewa. Kwa hiyo jamani, msifungue wenyewe.

Kisha akaiwasha, akapima hita, kale kawaya kanakopasha moto ndani ya shingo ya tyubu, kwa mita. Inatakiwa volti 6.3, ilikuwa 5 na ushee. Akanionyesha kawaya kenyewe, kanawaka rangi ya chungwa iliyofifia. "Mama, hii tyubu haijachoka, ina njaa," akasema. Akaeleza kuwa hita isipopata moto wa kutosha, elektroni zinazotoka kwenda kugonga kioo zinakuwa chache, ndiyo giza lenyewe. Kuongeza kile kitufe cha skrini ni kumkamua ng'ombe ambaye hajalishwa.

Kosa lilikuwa kapasita moja (kifaa kidogo cha kutunza umeme) kwenye upande wa pawa, imekauka na kuvimba kichwani. Akaweka mpya, akarudia lehemu kwenye soketi ya shingo, hita ikapanda hadi 6.2. Mwisho kabisa ndipo akagusa kitufe cha skrini: alikirudisha nyuma taratibu mpaka ile mistari ikapotea na nyeusi ikawa nyeusi.

Nililipa 18,000 pamoja na kapasita. Sasa ni mwezi wa tano tangu aitengeneze. Picha inatoka chini ya dakika moja, mwanga uko 60 na pazia langu liko wazi mchana kutwa. Rangi nyekundu bado imefifia kidogo, na mzee aliniambia mapema kwamba hiyo ni umri wa tyubu, hawezi kuirudisha. Nilipenda alivyosema kabla ya kupokea hela.

Nampa nyota tano. Kama yako ina giza, muulize fundi hita inasoma volti ngapi kabla hajashika kile kitufe.