Skrubu za kuvutia meno, kliniki moja Mwanza mjini: kazi safi, bili ndo imeniudhi

Nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja nimeikata kwa ajili ya mapokezi na bili, sio kwa ajili ya daktari. Jina la kliniki siweki. Nachoongelea hapa ni zile skrubu ndogo unazowekewa kwenye fizi ukiwa umevaa vyuma vya meno, maana habari za vyuma vyenyewe watu wanazijua ila skrubu ukizitaja tu kila mtu anashika shavu.

Shida yangu ilikuwa meno ya mbele ya juu, yametokeza, mdomo haufungi mpaka niubane. Nikang'olewa magego madogo mawili ya juu, moja kila upande, ipatikane nafasi ya kuyarudisha nyuma. Sa ukiyavuta ya mbele kwa kushikilia magego ya nyuma, na yale magego nayo yanakuja mbele, nafasi inaliwa na pande zote mbili na wewe unabaki na mdomo wako uleule. Daktari kaona naelewa nusu nusu akaniambia, dada yangu, mitumbwi miwili ikivutana kwa kamba majini yote inasogea si ndio, haya ifunge hiyo kamba kwenye jiwe pale ufukweni uone kitakachosogea. Bas nikaelewa palepale, skrubu ndo hilo jiwe, na huku kwetu nani hajui mawe.

Skrubu yenyewe ni kitu kidogo mno. Unene wake huwa milimita 1.2 mpaka 2, urefu 6 mpaka 12, nyingi ni za titani iliyochanganywa na alumini na vanadi. Zangu zilikaa juu, kulia na kushoto, katikati ya mzizi wa gego dogo lililobaki na gego kubwa la kwanza. Walipiga eksirei kwanza kuangalia mizizi imepishanaje, ganzi kidogo sana, alafu akaizungusha kwa mkono na kibisibisi chake taratibu. Maumivu hamna, unasikia mgandamizo tu kama mtu anakusukuma taya, na nje ulimi unakutana na kichwa cha chuma ambacho siku za mwanzo kinakwaruza shavu mpaka unazoea au wanakupa nta ya kukifunika. Kungoa jino kunauma mara kumi zaidi ya hii, kama mnaogopa ogopeni lile.

Na wala sio kitu kipya cha kutufanyia majaribio sisi, kuna jamaa huku aliniambia hivyo nikacheka. Mwaka 1983 Creekmore na Eklund kule Marekani walishaandika kuhusu mgonjwa waliyemwekea skrubu chini kidogo ya pua kwenye mfupa ili kupandisha meno ya mbele, na 1997 Mjapani Ryuzo Kanomi ndo akaja na hizi ndogo za milimita 1.2.

Haya, tuje kwenye lililonifanya niandike. Ya kulia ililegea. Wiki chache tu baada ya kuwekwa nikawa nagusa kwa ulimi naisikia inacheza, haiumi ila fizi imevimba kidogo na ina wekundu. Nikarudi, daktari akaishika na kibano akaitikisa, akasema hii imekufa, akaitoa hata ganzi hakuhitaji, damu tone. Akanikalisha akanieleza vizuri tu na hapa ndo nampa sifa zake zote, kwa sababu wengi wangekuambia umekula mahindi ya kuchoma wewe.

Ni kwamba hii skrubu haishikwi na gundi wala haiungani na mfupa kama kipandikizi cha jino bandia, inatakiwa itoke kirahisi kazi ikiisha. Mwanzoni inashikiliwa na lile ganda gumu la nje la mfupa basi, likiwa jembamba chini ya milimita 1 skrubu haina pa kung'ang'ania. Alafu wiki za mwanzo mfupa unajijenga upya pale ulipotobolewa, ushikaji unapungua kidogo kabla haujapanda tena, ndo maana nyingi zinazofeli zinafeli mapema. Ikikaa karibu sana na mzizi pia inafeli, kila ukitafuna jino linatikisika na linaitikisa na yenyewe. Fizi ikivimba kwa uchafu inafeli. Ikiwekwa kwenye ile nyama laini inayochezacheza badala ya fizi iliyokaza nayo hivyo hivyo. Na ukiikaza kupita kiasi unaponda mfupa, kwahiyo sio kwamba daktari mwenye mkono mzito ndo bora. Wavuta sigara wana hali mbaya zaidi. Kitu kilichonishangaza ni kwamba za taya la chini zinalegea zaidi kuliko za juu japo mfupa wa chini ndo mgumu, na zinazokaa vizuri kuliko zote ni za kaakaani, kule juu ya ulimi.

Nikaenda kusoma na mimi. Tafiti zikijumlishwa, zinazofeli ni kama 13 au 14 kwa kila 100. Nyingine haifeli ila inalala, mwaka 2004 Eric Liou na wenzake wa Taiwan walionyesha skrubu inaweza kubaki imeshika kabisa huku imesogea mpaka milimita 1.5 kwa kuvutwa, wakashauri iachwe nafasi ya milimita 2 kati yake na mzizi. Kwahiyo hata lile jiwe la daktari linaweza kuinama kidogo, ila magego yangeinama zaidi.

Akaniwekea nyingine, nene kidogo, pembeni kidogo ya lile tundu la zamani, na springi ya kuvutia meno akaifunga kwa nguvu ndogo. Hiyo mpaka leo haijatikisika, na ya kushoto ilikaa toka mwanzo. Meno yanarudi polepole, kawaida ni kama milimita 1 kwa mwezi au pungufu, kwahiyo msitegemee miujiza, ila pengo la kungolewa linafungwa kutokea mbele na sio kutokea nyuma, na mdomo sasa unafunga bila kuubana. Kwa kazi hiyo mi ningezirudia hata kesho.

Sasa bili. Nafika mapokezi dada wa pale ananiandikia skrubu nzima upya, bei ileile ya kwanza pamoja na ya kumwona daktari. Namuuliza kwani ile ya kwanza niliitoa mimi? Ananijibu kwa upole kabisa, dada hiyo ni skrubu mpya imetumika, lazima ilipiwe. Mpya ni kweli mpya sibishi, kifaa kinagharimu hela. Lakini kama dunia nzima inajua zaidi ya skrubu 10 katika kila 100 zitalegea hata mkono uwe mzuri vipi, hiyo sio ajali, hiyo ni sehemu ya kazi, iwekwe kwenye bei toka siku ya kwanza hata kama bei itapanda kidogo. Mtu ajue anaingia na ngapi anatoka na ngapi. Fomu niliyosaini iliongelea maumivu na uvimbe, kuhusu kulegea hamna neno, na bima yangu haigusi mambo ya kupanga meno kwahiyo kila shilingi inatoka mfukoni. Nilivyomfuata daktari mwenyewe alipunguza nusu, asante yake, ila mgonjwa anayeona aibu kubembeleza angelipa yote.

Na fikirieni wa mbali. Mule kwenye benchi nimekaa na mama ametoka Ukerewe na binti yake, akilegea skrubu huyo ni meli ya Nansio, nauli ya watu wawili, pengine kulala, alafu afike aambiwe lipia upya. Wa Sengerema na Geita angalau sahizi wana daraja la Kigongo-Busisi, kilomita 3 unateleza tu, zamani ungekaa foleni ya kivuko. Kliniki ikishajua mgonjwa anatoka visiwani ilitakiwa impe namba ya kutuma picha kwanza, aambiwe njoo au subiri. Hapa hawana huo utaratibu, unapiga simu ya mezani inaita weee.

Kuhusu msosi, walinipa karatasi ya vyakula vya kuepuka imeandikwa vitu vya kizungu tupu, karanga zenye chokoleti sijui nini. Usukumani mtuandikie michembe na matobolwa (vile viazi vitamu vya kukausha), miwa na mahindi ya kuchoma jamani, ndo vitakavyotungolea vyuma. Sato wa kuchemsha na ugali haina shida kabisa, ila mwiba wa sato ukiingia pale kwenye springi utajuta. Baada ya kula nasukutua kwanza maji ya chumvi ya uvuguvugu, alafu mswaki laini naupitisha kuizunguka skrubu pole pole, hapo ndo uvimbe umekoma.

Usafi wa chumba mzuri, vifaa wanafungua kwenye pakiti mbele yako, umeme ukikatika jenereta inawaka chapchap. Jumamosi usiende, watoto wa shule wanajaa utakaa mpaka saa 8. Kabla hujalala kwenye kile kiti waulize swali moja tu, skrubu ikilegea nani analipa, na wakuandikie kwenye risiti. Malipo wanapokea kwa simu, kwa kadi siku niliyoenda mashine ilikuwa mbovu.