Duka la gundi la nyuma ya soko la Gikomba, Nairobi: bei juu, lakini hawakupimii kwenye chupa ya soda

Nianze na bei, kwa kuwa ndiyo inayowafukuza watu. Mkebe wa lita nne wa gundi ya viatu pale unazidi wa maduka ya jirani kwa shilingi mia mbili hivi, na mwezi mbaya hata mia tatu. Hawapunguzi. Ukiwa na ule ulimi wetu wa kubembeleza bei za mitumba, uache nyumbani. Mama mwenye duka atakutazama, atatabasamu, kisha atakuuliza kama unalipa kwa Mpesa au taslimu.

Bado nanunua pale. Mafundi wenzangu wa viatu wa soko la Kariokor huniuliza kwa nini natoka jasho hadi huko na gundi inauzwa mlangoni pa kibanda changu. Jibu lenyewe ni refu, ndiyo maana naliandika.

Gundi ninayosema ni ile nzito ya manjano tunayobandikia soli. Unaipaka pande zote mbili, unaiacha hadi kidole kisinate, ndipo unagandamiza na kugonga kwa nyundo. Ndani yake mna mpira wa neoprini ulioyeyushwa kwa kemikali kama toluini, heksani na asetoni. Mpira ndio unaoshika ngozi. Zile kemikali zinaubeba tu, zikimaliza kazi zinapaa. Harufu inayokupiga puani ukifungua mkebe ndiyo hizo zinapaa, na ndizo zinazowaka.

Wengi wetu tunadhani kinachowaka ni ule uji wenyewe, kwa hiyo mradi jiko halijagusa mkebe, tuko salama. Mvuke ndio wa kuogopwa. Toluini hutoa mvuke wa kutosha kushika moto ikiwa na nyuzi 4 tu za joto. Heksani na asetoni hufanya hivyo hata chini ya sifuri kwa nyuzi kama 20. Nairobi ya Julai, ile inayotufanya tuvae majaketi mawili, haijawahi kukaribia huko. Halafu mvuke huo ni mzito kuliko hewa, wa toluini ni karibu mara tatu, kwa hiyo haupandi juu ukapotea. Unashuka, unatambaa sakafuni, unapita chini ya meza, unaingia kibanda cha jirani anayechemsha chai. Ukifika asilimia moja na kidogo tu ya hewa ya pale chini, cheche moja inatosha, na moto unarudi kwa njia ile ile hadi kwenye mkebe wako.

Sasa tazama duka lilivyo. Cha kwanza nilichokiona ni matundu ya hewa yaliyotobolewa chini kabisa ukutani, karibu na sakafu, mbali na yale ya kawaida ya juu. Nilidhani fundi wa ujenzi alilewa. Kijana wa duka ndiye aliyenieleza kwamba mvuke unatokea huko, kwa kuwa uko huko. Hakuna jiko ndani, hata la chai. Chai yao wanainywa kwa jirani. Kizimamoto cha unga kinaning'inia karibu na mlango, mahali unapoweza kukinyakua ukiwa unatoka, na kina kadi ya ukaguzi iliyoandikwa tarehe. Kwingine nimeona kizimamoto kimefungiwa stoo nyuma ya magunia, sijui kinamsubiri nani. Kuna pia ndoo mbili za mchanga. Maji hawayategemei, maana ukimwaga maji juu ya gundi hii, toluini na heksani zinaelea na kusambaza moto.

Lakini kilichonifanya nimwamini yule mama ni waya. Wateja wa jumla hupimiwa kutoka pipa kubwa kwenda kwenye mikebe ya chuma. Kabla ya kufungua bomba, kijana huchukua waya wenye vibanio viwili vya chuma, kimoja anakibana kwenye ukingo wa pipa, kingine kwenye mkebe unaojazwa, na pipa lenyewe lina waya mwingine unaoingia ardhini. Anavibonyeza kidogo kuona kama vimeuma chuma chenyewe, si rangi. Ndipo anafungua, polepole, mdomo wa bomba ukiwa umezama ndani ya mkebe ili gundi isirukeruke. Nilimuuliza kazi ya hizo nyaya zote, akanieleza. Kimiminiko kikitiririka kinajikusanyia umeme tuli, ule ule unaokurusha ukivua sweta wakati wa kiangazi. Sweta haikudhuru. Kwenye mdomo wa pipa la gundi, cheche ndogo hivyo yatosha. Waya unaupa umeme njia ya kuondoka bila kuruka.

Siku moja nikiwa pale aliingia kijana na chupa ya soda ya nusu lita.

"Mama, nitilie ya mia moja tu. Ni ya kubandika soli ya kiatu cha mtoto."

"Ya mia sipimi, mwanangu. Kuna mkebe mdogo hapa."

"Kwani chupa hii ina shida gani?"

"Haina jina. Kesho mdogo wako ataikuta mezani, atadhani ni nini?"

Kijana akaondoka akinung'unika, na nina hakika alipimiwa duka la tatu kutoka hapo. Mama hakusema lile jingine, lakini sote tulilijua. Chupa za gundi zinazoning'inia midomoni mwa watoto wetu wa mitaani hujazwa na mtu, na mtu huyo ana duka. Huyu hataki kuwa huyo mtu, na kwangu mia mbili yake ya juu imeshalipika hapo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kwa taarifa yenu, inamtaka muuzaji wa kemikali hatari aiuze ikiwa na lebo na karatasi ya maelezo ya usalama. Kwa hiyo hatufanyii hisani. Ila tuambiane ukweli, ni maduka mangapi ya gundi mtaani yamewahi kukupa karatasi?

Karatasi yenyewe nina malalamiko nayo. Iko kwa Kiingereza kitupu, maandishi ya kusomwa na mchwa, na sehemu zake ni 16. Fundi gani ana muda huo? Kijana wa duka alinifundisha kuruka: sehemu ya 3 inakuambia ndani mna nini, ya 8 inakuambia uvae nini, ya 9 inakuambia mvuke huanza kuwaka kwenye joto gani. Mama angeandika hizo tatu kwa Kiswahili kwenye karatasi moja ya ukutani, duka lingepata nyota zote. Nimemwambia. Anasema ataandika, na bado ninangoja.

Kwa sababu ya sehemu ya 3 nilibadilisha gundi. Nilikuwa nikinunua yoyote iliyopo. Sasa naulizia isiyo na heksani, na wanayo ya aina mbili. Sababu haina uhusiano na moto. Japani, miaka ya 1960, watu waliokuwa wakibandika sandali kwa gundi ya heksani ndani ya nyumba zao walianza kufa ganzi miguu na mikono, wengine wakalegea hadi kutembea kukawa shida. Walikuwa wanafanya kazi kama yangu, kwenye vyumba vidogo kama changu. Sandali, jamani. Ile isiyo na heksani bado inawaka na bado inapandisha kichwa, msije mkadhani ni maji ya kunawa. Inashika sawa tu. Kasoro yake ni kwamba inachukua muda zaidi kukauka: badala ya dakika kumi unangoja kumi na tano, na Julai hata zaidi, kama mvua ya manyunyu imekaa.

Gundi ya maji pia wanayo, kwa wanaotaka kuachana kabisa na mvuke unaowaka. Kubandika pamba na bitana ya ndani ni nzuri sana. Soli nzito ya mpira, mimi bado siiamini. Inakauka pole mno, na viatu vya mteja wa Ijumaa havingoji.

Kuhusu barakoa: wanauza ile ya nusu uso yenye vichujio viwili vya kaboni vyenye mstari wa kahawia, ndiyo ya mvuke wa kemikali. Bei yake inauma. Zile za kitambaa na za karatasi tulizobaki nazo tangu Korona zinazuia vumbi la msasa tu, mvuke unapita kama hakuna kitu. Kijana alinishauri nianze na kinachopatikana bure, yaani kusogeza meza ya kupaka gundi hadi mlangoni na kufunika mkebe kila baada ya kuchovya brashi. Muuzaji anayekwambia usinunue kwanza si wa kila siku.

Wanauliza maswali pia, na hili huwaudhi wateja. Mimi niliulizwa, "Soli unazipashia wapi joto?" Kila fundi wa viatu anajua gundi iliyokauka kidogo huamka ikipashwa, na Kariokor nzima hupasha juu ya jiko la makaa. Mama akatikisa kichwa, akanionyesha kipuliza joto cha umeme. Nilikinunua. Nacho si malaika: waya wake wa ndani hugeuka mwekundu, kwa hiyo anasisitiza kipashe upande mmoja wa kibanda na mkebe ukae upande mwingine ukiwa umefunikwa. Na vitambaa vya kufutia gundi viwe ndani ya debe la chuma lenye kifuniko, siyo kile kirundo tunachokiacha chini ya meza.

Sasa ubaya, na ni mkubwa. Usafirishaji wao ni aibu kwa duka zuri hivyo. Ukiagiza kwa simu wanamwita mwendesha boda yeyote aliye nje. Mara moja mkebe wangu ulikuja umelazwa, umefungwa kwa mpira nyuma ya kiti, sentimita chache kutoka kwenye ekzosi inayounguza, kifuniko kimeanza kutoa gundi pembeni. Mwendeshaji alikuwa na sigara nyuma ya sikio, haijawashwa, nashukuru. Nilipompigia mama alisema boda si yake. Ni kweli si yake, lakini mkebe ni wake na lebo iliyo juu yake ina almasi nyekundu yenye mwali wa moto na namba UN 1133, ambayo ni ya gundi zinazowaka, dunia nzima. Mtu anayeweka waya kwenye pipa hawezi kukosa kumfundisha kijana mmoja kubeba mkebe ukiwa umesimama ndani ya kreti. Tangu hapo naenda mwenyewe, na narudi kwa miguu nikiwa na mkebe ndani ya ndoo. Kwenye matatu siingii nao, hata kondakta akikubali.

Jambo dogo jingine: vifuniko vya mikebe ya lita nne huharibika upesi ukivifungua kwa bisibisi. Omba cha akiba, wanakupa bure.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano ipo kwenye ile boda. Fika asubuhi, kabla wateja wa jumla hawajajaa mlangoni, na useme unataka isiyo na heksani kabla hawajakuchukulia ile ya kawaida. Jumamosi hufunga saa saba mchana. Jumapili hawafungui.