Vikokotoo vya mshahara vya mtandaoni: mtihani wa laki tatu, Kisumu

Anayepewa kazi Kisumu kwa laki tatu kwa mwezi, iwe hospitalini, chuoni au katika shirika la utafiti, mara nyingi hufungua kikokotoo cha mshahara kwenye simu kabla ya kutia sahihi mkataba. Anafanya vyema. Huduma hii ni ya bure na jibu huja papo hapo. Taabu ni kwamba ukiandika 300,000 katika vikokotoo vitatu tofauti, unaweza kupata majibu matatu yanayopishana kwa maelfu ya shilingi, na kila kimoja kinajitangaza kuwa sahihi. Tathmini hii haihusu tovuti moja. Inahusu aina nzima ya huduma: namna ya kutambua kilicho kizima na kilichooza, na yale ambayo hata kilicho kizima hakitakuambia.

Tuanze na jibu lenyewe, ili uwe na cha kulinganisha. Mwajiriwa wa kawaida, asiye na gari la kampuni wala pensheni ya ziada, anakatwa 6,480 za NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, yaani asilimia 6 ya kikomo cha 108,000 kilichoanza Februari 2026. Bima ya afya ya SHA ni asilimia 2.75 ya mshahara wote bila kikomo, hivyo 8,250. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani 4,500. Jumla ya makato hayo matatu ni 19,230, na yote huondolewa kabla ya kuhesabu PAYE, yaani ushuru wa mapato unaokatwa kwenye mshahara. Kinachotozwa PAYE basi ni 280,770. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, ambayo ni 2,400. Shilingi 8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25, ambayo ni 2,083.25. Zilizobaki, 248,437, hutozwa asilimia 30, ambayo ni 74,531.10. Ukijumlisha unapata 79,014.35. Ondoa nafuu ya kila mlipa ushuru, 2,400 kwa mwezi, na PAYE inakuwa 76,614.35. Kinachoingia benki ni 204,155.65.

Kikokotoo kikikupa jibu jingine, usikitupe kabla ya kutazama mistari ya makato, kwa sababu kosa hujulikana kwa tarakimu yake. Ukiona NSSF ni 4,320, viwango vyake ni vya Februari 2025. Jibu litakuwa 205,667.65, yaani limezidi kwa 1,512. Hilo ni kosa dogo. Ukiona 2,160 au, vibaya zaidi, 200, ujue hakijaguswa kwa muda mrefu. Ukiona NHIF 1,700, funga ukurasa: bima hiyo iliondoka Oktoba 2024, na kwa mshahara wa laki tatu pengo kati yake na SHA ni 6,550 kila mwezi.

Kosa gumu kuliona ni la mpangilio. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, SHA na ushuru wa nyumba hutolewa kwanza, kisha PAYE ndipo ihesabiwe. Vikokotoo vingine bado vinakokotoa PAYE juu ya mshahara kabla ya kuondoa makato hayo mawili. Kila mstari ukiutazama peke yake unaonekana sawa: NSSF sawa, SHA sawa, ushuru wa nyumba sawa. Lakini PAYE imezidi kwa 3,825, na mkononi unaonyeshwa 200,330.65. Namna ya kukinasa ni rahisi: tafuta mstari wa mapato yanayotozwa ushuru. Ikiwa ni 293,520 badala ya 280,770, kikokotoo kinafuata sheria iliyopitwa. Kama hakionyeshi mstari huo kabisa, kinakupa tarakimu moja tu ya mwisho, huna namna ya kukikagua, na hakistahili kutumiwa na mtu anayetaka kutia sahihi mkataba.

Ndugu wa kosa hilo ni kisanduku cha bima. Nafuu ya asilimia 15 ya malipo ya bima, isiyozidi 5,000 kwa mwezi, bado ipo kwa bima binafsi ya maisha, elimu au afya. Kwa mchango wa SHA haipo tena. Mtu akiandika 8,250 za SHA katika kisanduku hicho, atapunguziwa PAYE kwa 1,237.50 kwenye skrini, na hati ya mshahara mwisho wa mwezi itamkana.

Sehemu ambayo vikokotoo bora hujitofautisha ni pensheni. Sheria inaruhusu hadi 30,000 kwa mwezi, NSSF ikiwa ndani yake, kuondolewa kabla ya PAYE. Baada ya 6,480 za NSSF, nafasi iliyobaki ni 23,520. Ukiijaza yote kwenye mpango wa pensheni uliosajiliwa, PAYE inashuka kwa 7,056, kwa hiyo mkononi unapungukiwa na 16,464 tu huku akiba ikipanda kwa 23,520. Ni nadra kwa mwenye mshahara wa ngazi hii kupata faida ya namna hii kwa kujaza fomu moja kwa afisa wa mishahara. Kikokotoo kisicho na kisanduku cha pensheni kinamficha msomaji jambo hili, na kwa maoni yangu huo ni upungufu mkubwa kuliko kuchelewa kusahihisha NSSF.

Gari la kampuni ndipo vingi vinaponyamaza kabisa. Ukipewa gari la mwajiri kwa matumizi yako, asilimia 2 ya bei lililonunuliwa huongezwa kila mwezi kwenye mapato yanayotozwa ushuru. Gari la milioni 3 linaongeza 60,000, na PAYE inapanda kwa 18,000. Mkononi unashuka hadi 186,155.65. Uliza bei ya ununuzi, si thamani ya gari leo. Gari likiwa limechakaa kwa kupanda na kushuka Riat kila siku, hesabu huanzia kwenye bei ile ile ya mwanzo.

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe, ambayo hakuna kikokotoo cha PAYE kinachoigusa. Sehemu ya kazi nono za Kisumu, hasa za miradi yenye ufadhili wa muda, huandikwa kama mkataba wa ushauri, si ajira. Mlipaji anakata asilimia 5 ya zuio, yaani ushuru anaoukata yeye na kuupeleka serikalini kwa jina lako, na kukutumia 285,000. Ukilinganisha na 204,155 za mwajiriwa, unaona umepata neema ya elfu themanini. Hujapata. Ile asilimia 5 ni malipo ya awali tu. Kwa mwaka, milioni 3.6 kabla ya kuondoa gharama za kazi na michango hudai ushuru hivi: 288,000 za kwanza kwa asilimia 10 ni 28,800, 100,000 zinazofuata kwa asilimia 25 ni 25,000, 3,212,000 zilizobaki kwa asilimia 30 ni 963,600. Jumla ni 1,017,400, toa nafuu ya 28,800, unabaki na deni la 988,600. Kilichokwisha kuzuiwa ni 180,000. Salio ni 808,600, na tarehe yake ya mwisho ni 30 Aprili ya mwaka unaofuata, kabla hata ya ile 30 Juni ya kuwasilisha ripoti kwenye iTax, tovuti ya mamlaka ya ushuru.

Kwa hiyo mwenye mkataba wa namna hii atenge 67,383 kila mwezi siku pesa inapoingia, kisha SHA aijilipie mwenyewe. Risiti za gharama halali za kazi, kama usafiri wa kwenda Siaya au Homa Bay na vifaa, hupunguza deni hilo, mradi ziwe na kumbukumbu kamili. Kila baada ya malipo, ingia iTax uthibitishe kwamba cheti cha zuio kimetokea chini ya PIN yako. Kisipokuwepo, huwezi kuidai ile 15,000 iliyozuiwa mwezi huo kama umeshalipa. Mfuate mlipaji mapema, kwa sababu mradi ukishafungwa na wahasibu wakatawanyika, cheti ni kigumu kukipata.

Kuhusu gharama za maisha, baadhi ya vikokotoo vina ukurasa wa bajeti. Uutumie kwa tahadhari. Vingi vina kisanduku kimoja tu cha kodi ya nyumba, ilhali anayehamia Milimani na kuiacha familia Nairobi ana nyumba mbili na tiketi za ndege. Stima nayo huandikwa kama kiasi kimoja kisichobadilika. Joto la Kisumu haliruhusu hesabu hiyo. Kiyoyozi kinachovuta kilowati moja, kikiwashwa saa 4 kila usiku, kinakula uniti 120 kwa mwezi. Hizo pekee zinakuvusha uniti 100, ambapo daraja la juu la bei za nyumbani huanzia, na kila uniti ya jokofu na pasi inalipiwa kwa bei hiyo. Feni ya wati 60 kwa saa 8 ni uniti 14 na ushei. Nyumba yenye madirisha ya kupitisha upepo wa ziwa inastahili kodi ya juu kidogo kuliko ile iliyozibwa na jengo la jirani.

Msaidizi wa nyumbani huandikwa kwenye bajeti kama mshahara mtupu. Kima cha chini Kisumu, kwa agizo lililoanza Novemba 2024, ni 16,113.75, na asilimia 15 zaidi kama hakai nyumbani kwako. Wewe ni mwajiri: unamwongezea NSSF 966.83 na ushuru wa nyumba 241.71 kutoka mfukoni mwako, hata kabla ya yale makato yake mwenyewe.

Halafu kuna pesa za kutuma nyumbani, ambazo kwa mtu wa mshahara huu si jambo la kubahatisha: karo, matanga, dawa za wazee. Kikokotoo hakina mstari wake, wala hakiambii kwamba kutuma 5,000 mara nne kwa M-Pesa ni ada ya 228, ilhali 20,000 kwa mkupuo ni 105. Mama akikubali kupokea mara moja kwa mwezi na kuigawa mwenyewe, mnaokoa pande zote, hata kwenye ada ya kutoa.

Uamuzi wangu: tumia kikokotoo chenye sifa tatu, yaani tarehe ya viwango iliyoandikwa wazi, mstari wa mapato yanayotozwa ushuru, na visanduku vya pensheni na marupurupu. Kikikosa hata moja kati ya hizo, karatasi na kalamu vinakishinda. Kwa mshahara wa kati ya 108,000 na 525,000, bila marupurupu, hesabu yote hupungua hadi mstari mmoja: zidisha mshahara kwa 0.67025, ongeza 3,080.65. Ndiyo maana nyongeza ya 50,000 inaleta 33,512.50 tu mkononi.

Mstari huo huo unaweza kuugeuza, jambo ambalo vikokotoo vingi havifanyi. Ukikaa na mwajiri na bajeti yako ya Kisumu inadai 250,000 mkononi, toa 3,080.65, kisha gawanya kwa 0.67025. Unapata takriban 368,400. Hiyo ndiyo tarakimu ya kutaja mezani, na mkataba uiandike kama mshahara kabla ya makato, si kama malipo ya ushauri.