Pantoni ndogo au kubwa? Muuzaji alinijibu kwa kumdhalilisha mama mkwe wangu

Kama umekwama kati ya pantoni, yaani boti ya sitaha bapa inayoelea juu ya mapipa ya alumini, ndogo ya mita 5 na ushee na kubwa ya mita 7 kwenda juu, nisikilize kabla hujatoa pesa. Mimi nilichukua ndogo na mpaka sasa nina hasira. Zaidi ni hasira ya mtu kuliko ya boti, ingawa boti nayo ina lake.

Muuzaji nilimweleza kila kitu wazi: tuko sita, kuna wazee, kuna watoto, na ziwa letu jioni hupigwa na upepo. Akanyoosha kidole kwenye kibao cha uwezo karibu na usukani. Watu 8. "Mko sita, nafasi inabaki," akasema, na somo likaishia hapo. Hakuniambia kwamba kibao kina hesabu mbili, ya vichwa na ya kilo, na ile inayojaa kwanza ndiyo kikomo chako. Wala hakuniambia kwamba hesabu hiyo inachukulia uzito umetandazwa sawasawa toka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Nani hukaa hivyo kwenye pantoni? Viti vizuri viko mbele, upepo mwanana uko mbele, kila anayepanda anakimbilia mbele.

Ikafika siku. Tunarudi, maji yamechafuka kidogo, boti nyingine ikatukatizia njia. Nikapunguza moto wa mashine. Omo likainama, na wimbi la ile boti likapanda moja kwa moja juu ya sitaha, likapenya chini ya kilango cha mbele na kumlowesha mama mkwe hadi kiunoni, mjukuu kamkumbatia. Maji yalitoka upesi, hakuna aliyeumia. Lakini nilimwona mama anavyotetemeka, na yeye si mtu wa kuogopa ovyo.

Tulikwenda kwa muuzaji sote, nguo bado mbichi. Nikaeleza kwa upole kabisa. Yule bwana akamtazama mama kuanzia miguuni hadi kichwani, halafu akasema: "Boti haina tatizo. Tatizo ni mzigo mliouweka mbele."

Mzigo! Mtu mzima, mama wa watu, amekaa pale hajapewa hata pole. Nikamwambia, "Kaka, huyu ni mama yangu." Akacheka. Akasema familia kama yetu ilipaswa kuchukua kubwa tangu mwanzo. Yule yule wa "nafasi inabaki"! Nilikuwa nimeshainuka kitini mama aliponishika mkono: "Mwanangu, twende." Tukaenda. Sijui mtu anapata wapi moyo wa kusema maneno yale mbele ya mteja, achilia mbali mbele ya mzee.

Kwa hiyo ukiniuliza leo, chukua kubwa. Na usipime urefu peke yake, pima unene wa yale mapipa ya alumini yanayobeba boti. Pipa la kipenyo cha sentimita 64 lina ujazo unaozidi lile la 58 kwa zaidi ya moja ya tano, urefu ukiwa sawa, na ukisimama dukani macho hayaoni tofauti. Ikiwa na mapipa matatu, bora zaidi: omo halizami kirahisi, na watu wakihamia upande mmoja kutazama kitu boti hailali vile.

Ila nitakuwa nadanganya nikiishia hapo. Kubwa nimeiendesha, ya rafiki yangu, siku ya upepo wa ubavuni, na kuifikisha gatini ilikuwa vita. Pantoni inaelea juujuu, haina mkuku wa kushika maji, na ule uzio mrefu na turubai lake la kivuli hugeuka tanga usilolitaka. Mmoja kwenye usukani, wawili kwenye kamba, na bado ilitupeleka inakotaka. Halafu inadai mashine kubwa. Mapipa matatu na watu wamejaa, chini ya nguvu za farasi 115 utakuwa unajikokota, na mafuta yanakwenda. Ndogo yangu naishusha kwenye trela na kuifunga gatini peke yangu, bila kumwomba mtu. Tukiwa wanne, inatulia vizuri mno. Kuna asubuhi naipenda kabisa.

Basi siwezi kusema ndogo ni mbovu. Ni mbovu kwa watu sita wenye upepo, na hilo ndilo nililomuuliza yule bwana. Sasa wazito na wazee wanakaa nyuma karibu nami, mashine naiinua kidogo ili omo lipande, na wimbi likija sikati moto ghafla, nalipokea kwa mshazari huku boti inakwenda polepole. Fundi wa gatini alinionyesha yote hayo kwa muda mfupi tu, bure, na akampa mama mkwe mkono wa kupandia.

Muuzaji hajaomba radhi. Nusu ya moyo wangu bado inataka kubwa, na nikiinunua, nitainunua kwa mtu mwingine, na mama atakuwepo siku ya kuichagua.